Barua kwa Baba Neema kuhusu bunduki ya kuhimili mvua na ukungu

Mbeya,
18 Mei

Ndugu yangu Baba Neema,

Salaam nyingi kutoka Mbeya. Huku hatujambo. Mvua zimekatika na baridi imeshaanza kuuma, kwa hiyo huko kwenu Matamba najua mmeshatoa makoti mazito. Nimefurahi sana kusikia kwamba maombi yako ya leseni yamevuka kamati ya kata na ya wilaya. Subira uliyoonyesha si ndogo.

Umeniuliza uchukue ipi kati ya zile bunduki mbili za kuwindia: CZ 550 yenye kitako (ile sehemu yote inayobeba mtutu, mpaka begani) cha mbao ya walnati, au Tikka T3x ya stenlesi yenye kitako cha plastiki. Nakujibu mapema ili usisome kwa wasiwasi: chukua Tikka. Najua CZ umeipenda, na jinsi ulivyoieleza ile mbao yake hata mimi nimeitamani. Ni bunduki nzuri kweli. Lakini wewe unaishi Matamba, na hilo ndilo linaloamua.

Fikiria safari yako ya kwenda kuwinda. Usiku bunduki imelala kwenye baridi ya mlimani. Alfajiri unaiweka kwenye gari, unashuka ile barabara ya kona hamsini na saba, na ukifika Chimala tayari ni joto. Chuma bado kina baridi ya juu, hewa ya chini ina unyevu, basi bunduki nzima inatoka jasho. Hakuna tone la mvua lililoanguka, lakini pitisha kidole kwenye mtutu uone. Na jasho hilo halitoki nje tu. Linaingia ndani ya bolti, kile chuma unachovuta na kusukuma kuingiza risasi, chini ya darubini ya kulengea, na katikati ya mtutu na kitako, mahali ambapo kitambaa chako hakifiki. Watu wengi wanaogopa mvua, ambayo mtu anaiona na kuifuta. Mimi naogopa zaidi maji haya yasiyoonekana, kwa sababu bunduki inarudishwa kwenye begi yakiwa bado yamo.

CZ ile ni ya chuma cha kawaida kilichopakwa weusi wa kiwandani. Weusi ule ni mwembamba mno, na unalinda pale tu unaposhikilia mafuta. Ukiusahau siku mbili baada ya kulowana, utakuta vidoa vya kahawia, na mara nyingi vitafuata alama za vidole, maana jasho la mkono lina chumvi.

Lakini kutu peke yake nisingeilia sana, kwa sababu inaonekana na inasuguliwa. Mbao ndiyo inayonikosesha usingizi. Mbao hunywa unyevu ikavimba, kiangazi ikasinyaa, na ikivimba huusukuma mtutu. Jamaa mmoja wa Uyole alirekebisha shabaha ya bunduki yake ya kitako cha mbao mwezi wa tisa, ikawa inapiga katikati kabisa ya shabaha kwa mita 100. Januari tukaipiga tena, mtu yule yule, risasi za boksi lile lile, zikakaa kiganja kizima kulia. Hakuna aliyegusa skrubu hata moja. Sasa weka kiganja hicho kwenye ubavu wa kongoni. Ni tofauti kati ya mnyama anayeanguka palepale na mnyama anayekimbia na utumbo uliotoboka, akafie kwenye magugu usikompata. Hilo silikubali, na najua wewe pia hulikubali.

Ukienda dukani, fanya hivi mbele ya muuzaji. Chukua noti ya elfu moja, ipitishe chini ya mtutu, katikati ya mtutu na kitako, uivute kutoka mbele kurudi nyuma. Iteleze bila kukwama mpaka karibu na chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Ikikwama njiani, kitako kinaugusa mtutu. Kisha shika ncha ya kitako pamoja na mtutu, uvibane kwa mkono. Kitako cha plastiki laini sana hujipinda kikaugusa mtutu, kwa hiyo hata plastiki usiinunue kwa macho. Kama wanacho kitako cha mbao za tabaka zilizogandishwa kwa gundi, hicho nacho ni kizuri: kinatulia kuliko mbao ya kipande kimoja, na mkononi kina uzito wa kupendeza.

Kuhusu stenlesi, usidanganywe na jina. Mitutu mingi ya stenlesi ni ya chuma kinachoitwa 416, chenye kromiamu kama asilimia 12 hadi 14. Sufuria nzuri ya stenlesi jikoni kwako ina asilimia 18. Tena chuma hicho huongezwa salfa ili kichongeke kwa urahisi, na salfa hupunguza uwezo wake wa kukataa kutu. Kwa hiyo kutu kinashika, ila polepole, na kinakupa nafasi ya kufika nyumbani. Halafu katika bunduki nyingi zinazoitwa za stenlesi, skrubu, springi na pini ya kupiga fataki ni chuma cha kawaida. Muombe muuzaji aitoe bolti uitazame kwa tochi.

Sasa nitende haki kwa CZ. Bolti yake imefuata Mauser ya 1898: ina kucha refu linaloikamata risasi mara tu inapotoka kwenye magazini, kile kisanduku cha risasi, na kuishikilia mpaka chemba. Hata ukiivuta bolti nusu ukarudisha kwa hofu, risasi haibaki njiani. Tikka huisukuma tu, na kucha lake dogo hushika mwishoni. Ungeniambia unakwenda kwa nyati, ningekwambia sahau Tikka, tafuta yenye kucha refu, ya .375 H&H kwenda juu. Lakini wewe umesema swala pala, kongoni, pengine pofu Mungu akijalia. Kwa hao Tikka inatosha na kubaki. Ukitaka vyote viwili, waulize kama wanaweza kukuletea Ruger Hawkeye ya stenlesi. Ile ina kucha na haiogopi maji. Ila usikae mwaka mzima ukiisubiri.

Aina ya risasi chukua .30-06. Ipo tangu 1906, na ukipiga pofu kwa risasi ngumu ya uzito wa greni 180 mahali panapostahili, anakwenda chini. .308 nayo ni nzuri na inatikisa kidogo chini ya hapo. Kabla ya kuamua uliza duka wanauza risasi gani mwaka mzima, kwa sababu leseni itaandikwa aina moja na hutaweza kubadili kirahisi. Ujue pia Tikka ile ni nyepesi, karibu kilo 3 bila darubini, kwa hiyo .30-06 itakusukuma bega. Izoee kwa risasi chache kila mara, usimalize boksi zima siku moja ukaanza kufumba macho.

Fedha utakayobakiwa nayo weka kwenye darubini. Tafuta iliyojazwa gesi ya naitrojeni, la sivyo kioo kitafunga ukungu kwa ndani katika mteremko ule ule wa kwenda Chimala, na Tikka nyingi hazina vilengeo vya chuma vya kukuokoa. Nunua na magazini ya pili, maana ile inachomoka na ikidondoka porini huioni tena.

Matunzo hayana mengi. Mdomo wa mtutu uzibe kwa kipande cha tepu ya umeme; maji hayaingii, na ukipiga hewa inaifumua kabla risasi haijaigusa. Ila tope likiingia, usipige mpaka umesafisha, mtutu utapasuka. Ukirudi, usiilaze ndani ya begi. Itoe bolti, ipanguse, pitisha brashi na kitambaa chenye mafuta kidogo sana, kisha iache ikauke ndani ya kabati la chuma lililofungwa, ufunguo ukiwa kwako. Mafuta mengi ndani ya bolti huganda kwa baridi ya Juni huko kwenu na kuichelewesha pini.

Na tafadhali, usilipe hata shilingi kabla leseni haijatoka mkononi mwako. Siku ya kuichukua linganisha namba iliyochongwa kwenye chuma na ile ya kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu.

Msimu unafunguliwa Julai mosi, kwa hiyo muda upo lakini si mwingi. Niandikie wakishakujibu kuhusu Ruger na bei ya darubini. Ukishapata yoyote kati ya hizo, shuka nayo Mbeya tuombe nafasi kwenye uwanja wa shabaha, tuilenge pamoja kwa mita 100 kabla hujaenda nayo Chunya kuwinda.

Msalimie sana Mama Neema na watoto, na umwambie viazi alivyotuma vilikuwa vitamu.

Nduguyo,
Baba Lusajo