Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Hali ya Maji Bondeni

Ndugu wanachama,

Sampuli za maji ya mto tulizochota kiangazi zilimridhisha kila mtu. Zile za mvua kubwa ya kwanza, mashamba yametifuliwa na hayajaota kitu, zililala kwenye chupa usiku kucha, na asubuhi tope lilikuwa limetuama chini, jekundu, unene wa kidole. Fosforasi, kirutubisho kilichomo kwenye mbolea, husafiri imeng'ang'ania punje za udongo, kwa hiyo tope lile ndiyo mbolea tuliyoinunua. Anayepima kiangazi peke yake anajidanganya: sehemu kubwa ya fosforasi ya mwaka huingia mtoni katika mvua chache tu za nguvu.

Tena haitoki sawasawa kila shamba. Inatoka kwenye makorongo, kwenye miteremko inayolimwa kufuata mshuko, na kwenye njia wanazoshukia ng'ombe kwenda kunywa. Ndiyo maana kamati ilikataa kugawa miche sawa kwa sawa (maneno yaliyofuata nimeyasikia yote). Nguvu zilikwenda kwenye makinga maji, nyasi za kingoni, na mabirika ya kunyweshea mifugo mbali na mto.

Naitreti, kirutubisho kingine cha mbolea, ina tabia yake. Inayeyuka, inazama hadi visimani, na nyasi za kingoni haziizuii pale ambapo bomba la kutolea maji shambani limepita chini yake. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 50 kwa lita, hasa kuwalinda watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya kopo. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua, naitreti inabaki palepale. Tupime udongo kwanza, kisha mbolea iwekwe kidogo kidogo, mmea unapoihitaji.

Wanaouliza mambo haya yanawahusu nini watu wa mjini, wakumbuke Toledo, Marekani, Agosti 2014. Mwani uliostawishwa na fosforasi, nyingi yake ya mashambani, ulitia sumu maji ya Ziwa Erie, na watu wapatao 400,000 wakakatazwa kunywa maji ya bomba. Hata huko waliambiwa wasichemshe.

Mto safi mwakani siahidi. Fosforasi iliyolundikana kwenye udongo na chini ya mto huendelea kutoka kwa miaka mingi, hata tukibadilika leo.

Mhazini atasoma hesabu. Kisha tutapigia kura ununuzi wa kifaa kinachochota sampuli chenyewe, maana kumtuma mtu mtoni usiku, maji yamefurika, ni kumtafutia msiba.