Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: majani ya mikarafuu yasitiwe moto

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Sisi wakulima na watengenezaji mboji wa Pemba tunakuomba agizo moja: majani yanayofagiliwa chini ya mikarafuu, yakiwemo ya mashamba ya Serikali, yasichomwe tena.

Moto hupeperusha hewani sehemu kubwa ya nitrojeni iliyomo kwenye jani, na salfa pia. Jivu hubaki na potasiamu na chokaa, lakini kwenye vilima vyetu mvua ya masika hulikokota mpaka bondeni. Shamba halipati kitu.

Jani likiachwa lina wenyewe. Jongoo na mchwa hulitafuna vipande vipande, bakteria huanza na sukari na protini, kuvu hushika selulozi, yaani nyuzi za jani. Lignini, inayolipa jani ugumu, huvunjwa mwisho, na kuvu wanaoiweza wanataka hewa. Jani la mkarafuu huchelewa zaidi kwa sababu mafuta yake kwa wingi ni eujenoli, nayo huzuia bakteria na kuvu kukua. Watu wakiliona limekaa miezi hudhani haliozi. Linaoza, ila linataka kusaidiwa.

Vijidudu hufanya kazi vizuri wakipata kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa nitrojeni sehemu 1. Majani makavu aghlabu yana 50 na zaidi kwa 1, na pengo hilo vijidudu hulijaza kwa nitrojeni ya udongo. Kwa hiyo anayefukia majani makavu na kupanda mahindi papo hapo huona mimea imepiga manjano, akalaumu mbegu. Majani hayo yatandazwe juu ya ardhi, unene wa sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina, au yafanywe mboji.

Mboji yenyewe haina gharama. Katakata majani kwa panga. Pakacha 3 za majani makavu zitiwe pakacha 1 ya majani mabichi ya miti yenye nitrojeni nyingi, kama gliricidia au lusina, na nusu pakacha ya samadi ya ng'ombe. Panga kwa tabaka, kila tabaka lirowe: ukifinya konzi moja, yatoke matone mawili matatu, yasichuruzike. Biwi liwe na upana wa mita 1.5 na kimo cha zaidi ya mita 1. Likiwa dogo joto halikai. Siku ya nne chomeka chuma katikati, kiache dakika chache, kisha kichomoe. Kikiwa hakishikiki, vijidudu wamo kazini, joto limefika nyuzi 55 hadi 65. Geuza baada ya wiki mbili, kisha kila wiki tatu. Kwa miezi mitatu au minne, mboji huwa nyeusi na kunukia udongo uliorowa.

Biwi likinuka yai viza, maji yamezidi na hewa haipiti: ligeuze, ongeza makavu. Likitoa harufu kali ya mkojo, mabichi au samadi imezidi, na nitrojeni ndiyo hiyo inayotoroka. Likipoa mapema, aghlabu limekauka. Masika lifunikwe makuti na lichimbiwe mtaro pembeni, la sivyo virutubisho vingi vitachuruzika. Makumbi mazima yasitiwe kabisa, kwani lignini yake ni nyingi mno. Plastiki itolewe kabla, maana baadaye haiokoteki.

Mheshimiwa, hatuombi fedha mpya. Tunaomba agizo hilo liandikwe ndani ya mikataba ya wanaokodishwa mikarafuu ya Serikali, na liwafikie masheha kabla ya msimu wa kuchuma. Mabwana na mabibi shamba wafunzwe kipimo hiki cha mboji na watafiti wa kilimo wa Kizimbani, Unguja, na kila shehia yenye karafuu ipate biwi moja la mfano, karibu na njia, ambapo kila mpita njia atachomeka chuma mwenyewe.

Wakulima na watengenezaji mboji,
Pemba