Barua za vibali vya utafiti nazo ni historia ya Chuo Kikuu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo limenikaa moyoni tangu nilipostaafu kazi ya ukarani wa masjala. Kila inapoandikwa historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huandikwa kwa kufuata majina ya Makamu Wakuu wa Chuo: nani alimpokea nani, nani alijenga nini, wanafunzi walifukuzwa wakati wa nani. Sina ugomvi na historia hiyo, na mimi mwenyewe huisoma kwa hamu. Lakini ipo historia nyingine iliyokwenda sambamba nayo, ya namna utafiti ulivyoruhusiwa, ulivyogharimiwa, ulivyosimamiwa na ulivyohifadhiwa, na hiyo inapotea pamoja na karatasi zilizoibeba na watu wanaozikumbuka.

Sisi tuliofanya kazi wilayani tulikijua Chuo kwa barua moja. Ilikuja kwa bahasha ya kaki, au mtafiti aliibeba mkononi, vumbi la basi likiwa bado kwenye shati lake. Barua hiyo haikubadilika sana kwa miaka mingi. Ilianza kwa kueleza kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzishwa kwa Sheria Namba 12 ya mwaka 1970 na kikawa chuo kinachojitegemea tarehe 1 Julai mwaka huo. Kisha ilieleza kwamba, kwa waraka wa serikali wa tarehe 4 Julai 1980, Makamu Mkuu wa Chuo amepewa mamlaka ya kutoa vibali vya utafiti kwa wafanyakazi na wanafunzi wa Chuo kwa niaba ya serikali na ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, mrithi wa UTAFITI, baraza la taifa la utafiti la zamani. Ndipo lilipofuata jina la mtafiti, mada yake, mahali anapokwenda, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na chini kabisa sahihi. Mimi niliigonga muhuri wa kupokelea, nikaandika namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya jalada, kwa wino mwekundu kwenye pembe ya juu, nikaitoboa na kuifunga katika jalada. Nakala ilishuka katani, kutoka katani ikaenda kijijini.

Yeyote atakayezipanga barua hizo kwa tarehe ataona historia ya uongozi ikipita mbele ya macho yake. Sahihi zinabadilika kutoka wakati wa Ndugu Nicholas Kuhanga kwenda wa Profesa Geoffrey Mmari, aliyeshika usukani mwaka 1988, kisha zinakaa muda mrefu chini ya Profesa Matthew Luhanga, kuanzia 1991 hadi 2006, zinafuata za wakati wa Profesa Rwekaza Mukandala, na tangu 2017 za wakati wa Profesa William Anangisye. Hata anayeandikiwa anabadilika: zamani alikuwa Mkurugenzi wa Maendeleo wa Mkoa, na baada ya mabadiliko ya tawala za mikoa ya mwaka 1997 akawa Katibu Tawala wa Mkoa. Karatasi moja inaonyesha nani alikuwa juu Mlimani, yaani Chuoni, nani alikuwa juu mkoani, na nchi ilikuwa inajiuliza nini mwaka ule.

Chuo chenyewe kilianza tarehe 25 Oktoba 1961 katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na kitivo kimoja cha sheria chenye wanafunzi wasiofika kumi na watano. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mkanada, Cranford Pratt. Mwaka 1963 kiliunganishwa na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, mwaka uliofuata kikahamia Mlimani, na mwaka 1965 Wilbert Chagula akawa Mtanzania wa kwanza kukiongoza. Kilipojitegemea mwaka 1970, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo, Makamu Mkuu wa kwanza hakutoka madarasani. Alikuwa Ndugu Pius Msekwa, aliyetoka katika utendaji wa TANU. Waliomfuata, Ndugu Ibrahim Kaduma na Ndugu Kuhanga, nao walikuwa watu wa serikali kabla ya kuwa watu wa Chuo. Wengi wamelisema hili kama kasoro, kwamba chama kilikishika Chuo kooni, na migogoro ya wanafunzi ya mwaka 1971 na 1978 hutajwa kama ushahidi.

Mimi naona jambo hilo lina upande wa pili. Makamu Mkuu alipokuwa akitazamana na serikali, pembeni yake alikuwapo Mkuu wa Taaluma aliyetazamana na madarasa na utafiti, na wa kwanza kushika kazi hiyo alikuwa mwanahistoria, Profesa Isaria Kimambo. Huyu alikuwa amekwenda Upare kukusanya masimulizi ya wazee, akaandika historia ya siasa ya Wapare kutokana na maneno yao. Mtu aliyewahi kukaa kwenye kigoda nyumbani kwa watu, akala chakula chao, akaandika maneno yao, anajua kwamba ametoka pale na deni. Napenda kujua deni hilo liliingiaje katika taratibu alizozisimamia ofisini: nani aliulizwa ripoti, nani alinyimwa fedha kwa sababu hakurudisha ripoti ya kwanza, Seneti, kikao kikuu cha taaluma cha Chuo, ilibishana nini. Hayo hayamo katika orodha ya majina.

Zilikuwapo pia ofisi za utafiti ambazo umri wa baadhi yake unakaribia wa Chuo, na wa moja unauzidi. Ofisi ya utafiti wa uchumi ilianza 1965. Ofisi ya kutathmini rasilimali na kupanga matumizi ya ardhi, ambayo sisi tuliijua kwa jina la BRALUP, ilianza 1967, na mwaka 1983 ikawa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali. Ya Kiswahili ndiyo kongwe kuliko zote, kwa kuwa mizizi yake ni Kamati ya Lugha ya mwaka 1930. Iliingia Chuoni 1964, ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ikatupatia Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na mwaka 2009 ikawa TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Naitaja kwa makusudi, maana ndiyo ofisi ambayo mwananchi wa kawaida anaweza kuonyesha matunda yake: kamusi ile ilikuwa juu ya meza yangu ya kazi, imefungwa gundi mgongoni mara mbili.

Narudi kwenye waraka wa 1980, kwa sababu hapo ndipo penye uzito. Kabla ya hapo nchi ilikuwa na UTAFITI, Baraza la Taifa la Utafiti wa Kisayansi lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1968. Baadaye ikaja Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1986. Waraka ulipompa Makamu Mkuu mamlaka ya kuruhusu watu wake kwenda kutafiti, ulimpa mamlaka ya serikali yenyewe. Mtendaji wa kijiji aliposoma barua ile hakumwona mwanafunzi aliye mbele yake, aliiona serikali, naye akawaita wananchi wakaacha mashamba yao wakaja kuulizwa maswali. Mamlaka ya namna hiyo huja na wajibu, na wajibu wenyewe hauhitaji falsafa kubwa: aliyeruhusiwa kwa niaba ya umma, autaarifu umma aliona nini.

Kilichotokea ni kwamba fedha zilianza kutoka mbali. Uchumi wa nchi ulipoyumba, utafiti mwingi wa Chuo ulibebwa na wafadhili, Sweden na Norway wakiwa miongoni mwa wa muda mrefu, na kwa haki kabisa wafadhili walidai ripoti zao kwa wakati na kwa Kiingereza. Mpango mkubwa wa mageuzi wa 1994, chini ya Profesa Luhanga, uliipanga upya menejimenti ya Chuo, na baadaye utafiti ukapata Naibu Makamu Mkuu wake mwenyewe. Ni hatua za maana, na waliozipigania wanastahili heshima. Hata hivyo, ripoti ilikuwa na njia yake iliyonyooka kwenda kwa mfadhili, lakini njia ya kwenda wilayani haikuchorwa.

Nilifanya kazi Kanda ya Kati, eneo ambalo watafiti hawakauki. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika maeneo ya Kondoa yaliyoliwa na mmomonyoko, kwa hiyo kila mwenye kutaka kujua habari za udongo alifika. Mwaka mmoja alifika kijana wa chuo kimoja ambacho sitakitaja, akapima korongo lililokuwa likila mashamba ya kijiji. Mzee mmoja alimshikia kamba siku tatu mfululizo, akimwonyesha mti uliokuwa ukingoni alipokuwa mtoto na ambao sasa umeanguka chini kabisa. Baada ya miaka kadhaa mzee yule alikuja wilayani kwa shughuli zake, akapita dirishani kwangu.

“Mwanangu,” alisema, “yule kijana aliyepima korongo, alisema linakuja au limesimama?”

Nilimpa kiti, nikalitoa jalada. Barua ya kibali ilikuwamo, na folio yake, na muhuri wangu. Baada ya hapo palifuata kibali cha mtu mwingine. Nilimjibu, “Mzee wangu, sina jibu,” naye akanishukuru kwa kumtafutia.

Najua nitaambiwa kwamba tasnifu zimo maktabani na siku hizi zimo pia katika hifadhi ya kidijitali ya Chuo. Ni kweli, na ni kazi nzuri. Lakini hifadhi hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya mtu anayejua kijiji chake tu na hamjui mwandishi wala mada kama ilivyoandikwa kwa Kiingereza. Kiunganishi kati ya kijiji na tasnifu ni barua ya kibali, kwa kuwa ndiyo peke yake inayotaja vyote viwili, jina na mahali. Majalada ya ofisi hayakai milele. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 imeweka utaratibu wa kutenganisha nyaraka za kutunza na za kuteketeza, na mwenye kutenganisha, akiona barua ya mwanafunzi wa miaka thelathini iliyopita, ni rahisi kudhani haina kazi tena.

Ombi langu kwa uongozi wa Chuo, na kwa Mkuu wa Chuo, Rais mstaafu Kikwete, ambaye naye alisoma hapo Mlimani, ni kwamba nakala za vibali vyote tangu 1980 zikusanywe, kutoka masjala ya Chuo na, palipo na pengo, kutoka mikoani na wilayani kwa kushirikiana na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Litengenezwe daftari moja lililopangwa kwa wilaya na vijiji, likionyesha nani alikwenda wapi na alichoandika kinapatikana wapi, na kila kazi iwekewe muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Wanafunzi wa TATAKI na wa historia wanaiweza kazi hiyo. Daftari hilo likishakuwapo, mwanahistoria atapata pa kuanzia kuandika jinsi utafiti ulivyoongozwa, kwa ushahidi wa folio na sahihi.

Mimi ninayo madaftari mawili makubwa ambamo niliandika kwa mkono wangu, kila jioni ya siku aliyofika mtafiti, tarehe, kijiji na jambo alilolifuata. Sikuagizwa kufanya hivyo. Nimeyafunga kwa karatasi ya kaki na kuyaweka juu ya kabati, mbali na mchwa, na nitamkabidhi mtu yeyote atakayetumwa na Chuo kwa kazi hiyo. Nikiwa sipo, mwanangu wa kwanza anajua yalipo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Karani mstaafu wa masjala,
Dodoma