Cheo kitamu jeshini kina tepe tatu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Jenerali akistaafu, magazeti yetu humpa ukurasa mzima: picha ya gwaride, orodha ya vyeo na mwaka alioupata kila kimoja. Sajini akistaafu hapati hata mstari. Na huyo jenerali mwenyewe huulizwa alivyojisikia kuvaa cheo cha mwisho. Haulizwi kipi kati ya vyote alikifurahia. Wastaafu wakikaa kwenye bao, swali hilo huwamalizia jioni, na mara nyingi cheo kinachotajwa hakipo juu ya ngazi. Kipo katikati.

Kwa asiyeijua ngazi ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), iko hivi. Juu ya askari wa kawaida yupo Koplo Usu mwenye tepe moja, Koplo mwenye mbili, Sajini mwenye tatu, kisha Sajini Taji, Afisa Mteule Daraja la Pili na Afisa Mteule Daraja la Kwanza. Upande wa maofisa, anayetunukiwa kamisheni, yaani uofisa, katika chuo cha kijeshi cha Monduli anaanza na Luteni Usu, nyota moja; Luteni ana mbili, Kapteni tatu. Wanafuata Meja, Luteni Kanali, Kanali, Brigedia Jenerali, Meja Jenerali, Luteni Jenerali na Jenerali. Kenya ngazi inafanana sana, ila wao wana Brigedia tu, hawaongezi Jenerali. Waandishi wetu wakinakili habari za Nairobi hupitiwa hapo.

Cheo kinacholalamikiwa kuliko vyote ni Koplo Usu. Jana mtu alikuwa akipiga soga na wenzake hangani, bweni la askari, leo anawapangia fatigi, yaani kazi ya usafi, ya vyoo, na usiku analala kitanda cha jirani yao. Akikaza anaitwa msaliti, akilegea sajini anamkalia shingoni. Dawa inajulikana, ingawa wachache huitumia mapema: orodha ya fatigi ibandikwe mlangoni tangu Jumatatu, na jina lake mwenyewe liwemo.

Koplo anapumua kidogo kwa sababu ana seksheni yake, watu kumi hivi. Kinachomsumbua ni lindo. Lindo la mtu mmoja, saa mbili kazini na saa nne za mapumziko, linakula watu watatu. Porini usiku lindo ni la watu wawili, kwa hiyo sita wameshaondoka, na wanaobaki ndio wa kuchota maji, kuchimba mahandaki na kwenda doria. Koplo mzoefu hawabadilishi walinzi wote wawili kwa mpigo. Mmoja hubadilishwa saa nne, mwenzake saa tano, na kuendelea hivyo mpaka alfajiri. Macho ya binadamu huchukua kama nusu saa kuzoea giza. Wakibadilishwa pamoja, kwa nusu saa hiyo lindo zima ni kipofu.

Sasa tuje kwa sajini wa platuni. Platuni ni watu 30 na zaidi kidogo. Kamanda wake ni luteni, lakini maji, chakula, risasi, wagonjwa na idadi ya watu viko mikononi mwa sajini. Chukua maji peke yake. Watu 30 wanaotembea juani, lita nne kila mmoja kwa siku, ni lita 120, yaani madumu sita ya lita 20. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tatu anaiweza. Kinachoharibika ni dumu lenyewe. Sajini anayejua kazi hufungua kila dumu na kulinusa kabla halijapakiwa, kisha hulilaza ubavu dakika chache kuona kama mpira wa kifuniko unavujisha. Dumu lililowahi kubeba dizeli halitoki harufu kwa kuoshwa mara moja. Likipita bila kunuswa, askari wataonja, watatema, watamwaga njiani, na kesho yake mchana kuna mtu ataanguka. Hapo luteni ndiye atakayeandika taarifa, lakini kila mtu ataelewa uzembe ulikuwa wa nani.

Au chukua kuhesabu watu usiku. Platuni ikisimama kupumzika, waliochoka husinzia papo hapo, na anayesinzia pembeni ya njia huachwa. Kwa hiyo kila mnapoinuka, wa mwisho humgusa bega wa mbele yake na kunong'ona moja, huyo anagusa na kusema mbili, mpaka namba imfikie sajini mbele. Kama inatakiwa 31 na imefika 30, hakuna kuondoka. Kosa la kwanza ni sajini kuamua kuhesabu vivuli mwenyewe ili kuokoa muda; kichaka nacho kitahesabiwa. Kosa la pili ni dogo na la aibu: kusahau kujihesabu yeye, au luteni.

Halafu silaha. Risasi inayotoka bila kukusudiwa baada ya zoezi ina chanzo kinachojirudia, nacho ni mpangilio uliopinduliwa. Kwenye bunduki ya SMG mtutu unaelekezwa sehemu salama, magazini inatoka kwanza, usalama unafunguliwa, koki (mkono wa kukokia) inavutwa hadi mwisho, chemba (chumba cha risasi) inatazamwa, na kukiwa giza inapapaswa kwa kidole. Ndipo koki inaachiwa, triga inabonyezwa mtutu ukiwa bado kule kule, na usalama unafungwa. Askari aliyechoka huvuta koki kwanza, magazini anaikumbuka baadaye. Risasi iliyokuwa chemba inaruka nje, anaiona kwa macho yake, anaridhika. Kumbe koki iliporudi mbele imesukuma nyingine kutoka kwenye magazini. Anaichomoa magazini, anabonyeza triga, na mlio unasikika. Ndiyo maana sajini mzuri hupita kwa askari mmoja mmoja, akitazama mikono. Hapokei "tayari afande" ya watu kumi kwa pamoja.

Utamu wa cheo hiki unatoka hapo hapo. Kazi ya asubuhi matokeo yake yanaonekana kabla ya jua kuzama. Makaratasi hayajawa mengi, bwalo la masajini lina maneno ya watu wazima, na ofisa mwenye busara hakati shauri kabla ya kukusikiliza. Mwulize mstaafu yeyote jina la sajini wake wa kwanza, atakutajia pamoja na lafudhi yake. Mwulize kamanda wa brigedi wakati huo alikuwa nani, atakuna kichwa.

Wapo watakaobisha na kusema kitamu zaidi ni Afisa Mteule Daraja la Kwanza anayeshika usajini meja wa kikosi. Wana hoja. Uwanja wa gwaride ni wake. Hata luteni kijana hupunguza sauti akimwona. Ila mzigo wake ni mzito kuliko unavyoonekana jukwaani siku ya sherehe. Mwendo wa kawaida ni hatua kama 120 kwa dakika, kila hatua sentimita 75 hivi, kwa hiyo kikundi kinakula mita 90 kila dakika, na yeye ndiye anayepiga hesabu ili geuko lianguke mbele ya mgeni rasmi, lisipitilize. Halafu kuna wanaoanguka. Watazamaji hudhani askari aliyezirai ni dhaifu au mgonjwa. Mara nyingi ni kijana mwenye afya aliyekaza magoti mithili ya nguzo kwa muda mrefu: misuli ya miguu haifanyi kazi, damu inatuama chini, kichwani inapungua, anakwenda chini kama gogo na kuumia uso. Sajini meja mzuri huhakikisha kila mtu amekula asubuhi na kunywa maji tangu usiku, kisha huwafundisha kuchezesha vidole vya miguu ndani ya buti na kuhamishia uzito mbele kidogo bila mwili kutikisika. Anayeanza kuona giza au kusikia masikio yakivuma aruhusiwe kupiga goti. Kukataza hilo kwa sababu ya kuogopa aibu ndiko kunakoleta machela uwanjani.

Kwa maofisa mambo ni tofauti. Luteni Usu ni cheo cha kujifunza hadharani. Mtu ametoka Monduli na nyota moja, anakabidhiwa watu ambao baadhi wana umri wa kaka zake wakubwa. Mtihani wake wa kwanza huwa ramani. Tarakimu sita zinamfikisha ndani ya mraba wa mita 100, zikisomwa kwa mpangilio: kwanza za kwenda kulia, ndipo za kupanda juu. Akizipindua, platuni nzima inaelekea bonde lisilohusika kabisa. Sajini mwenye adabu hamsahihishi mbele ya askari, atasogea na kusema, "Afande, tuitazame ramani tena kidogo." Luteni aliyesikia sentensi hiyo mapema na kuielewa, hufika mbali.

Ofisa akiulizwa cheo alichokifurahia, wengi huchagua Meja mwenye kombania. Ni askari mia moja na ushei, na hicho ndicho kipimo cha mwisho ambacho binadamu anaweza kumjua kila mmoja kwa jina, kijiji na tatizo la nyumbani. Baada ya hapo kuna kozi ya ukamanda na unadhimu katika chuo cha Duluti, kisha kikosi kizima kwa Luteni Kanali, na watu wanageuka kuwa idadi kwenye karatasi ya asubuhi: waliopo, wagonjwa, likizo, kozini. Kanali wengi huishia mezani makao makuu, ubalozini kama waambata wa kijeshi, au uraiani kama wakuu wa wilaya. Jenerali anaijua hali ya hanga kwa taarifa, na siku akienda kukagua chokaa bado inanuka ubichi.

Historia nayo inaonyesha uzito wa tepe tatu. Maasi ya Tanganyika Rifles, jeshi la Tanganyika la wakati huo, yaliyoanza usiku wa kuamkia 20 Januari 1964, pale Colito ambayo leo ni Lugalo, yaliongozwa na masajini na askari wa chini waliodai mishahara na maofisa Waafrika. Kamanda alikuwa Brigedia Mwingereza, na cheo chake hakikumsaidia kitu usiku ule. Jeshi lile lilivunjwa, na JWTZ ikaundwa tarehe 1 Septemba mwaka huo huo. Tazama pia watu wawili waliopitia usajini katika King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza. David Musuguri aliingia mwaka 1942, akapanda ngazi, akaiongoza Divisheni ya 20 katika vita vya Uganda, na akawa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988. Idi Amin alipewa cheo cha effendi, cha juu kabisa kwa Mwafrika katika KAR wakati huo, mwaka 1959 na uluteni mwaka 1961. Mwaka 1975 akajipa mwenyewe cha Field Marshal. Jeshi la huyo wa pili lilikimbizwa mwaka 1979 na jeshi ambalo huyo wa kwanza alikuwa mmoja wa makamanda wake.

Msomaji atauliza: kama usajini ni mtamu hivyo, kwa nini wasibaki hapo? Kwa sababu umri wa kustaafu kwa lazima hufuata cheo, na asiyepanda huondoka mapema, watoto bado wako shule. Kupanda nako kunataka nafasi iwe wazi katika muundo wa kikosi, kozi ya cheo, ripoti nzuri ya mkuu wake, afya na nidhamu safi. Kikwazo kisichosemwa ni kozi. Sajini akiwa hodari, mkuu wake hataki kumwachia. Kila jina linapoombwa hupelekwa la yule ambaye kazi itaendelea hata asipokuwepo. Hodari anabaki akisifiwa, mwenzake anampita. Kamanda anayejali hutoa majina kwa zamu ya muda wa utumishi katika cheo, na anayemhitaji sana humwandalia mrithi kabla ya tarehe ya kozi.

Ombi kwako, Mhariri, ni dogo. Waandishi wako wakimhoji mstaafu, wamuulize cheo alichokifurahia, alikuwa na watu wangapi chini yake, na kazi gani ya siku kwa siku ilikuwa yake peke yake. Watafuteni na masajini; wapo kila mtaa. Na vyeo viandikwe kikamilifu. Luteni Kanali asigeuzwe Kanali, wala Sajini Taji asipunguzwe kuwa Sajini: kati ya hivyo viwili mtu anaweza kuwa amengoja miaka.

Mstaafu wa jeshi,
Morogoro