Rula iliyofichwa kati ya galaksi

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Umeuliza ramani ya galaksi inapimaje nishati ya giza, yaani kile kinachodhaniwa kuharakisha kutanuka kwa ulimwengu, nayo haionekani. Inaipima kwa rula. Ulimwengu ulipokuwa mchanga ulijaa gesi ya moto iliyopitisha mawimbi ya sauti; ulipofika miaka 380,000 hivi, gesi ikapoa na mawimbi yakaganda, yakiacha alama yake. Mpaka leo galaksi huelekea kidogo kuachana kwa takriban miaka ya nuru milioni 490. Urefu huo ndio rula; ukiupima katika enzi mbalimbali, unajua ulimwengu ulitanuka kwa kasi gani wakati gani.

Ugumu uko kwenye umbali, maana picha tupu haiutoi. Chombo cha DESI, kwenye darubini ya Mayall huko Kitt Peak, Arizona, kina nyuzi za kioo 5,000, kila uzi na roboti yake ya kuulenga kwenye galaksi. Nuru inachambuliwa kwa rangi, kisha unatafuta mstari unaoujua. Oksijeni hutoa mistari pacha karibu na nanomita 372.7. Ukiikuta kwenye 745.4, gawanya kwa 372.7, upate 2, toa 1. Hiyo 1 ndiyo mhamo mwekundu, yaani kiasi ambacho mawimbi ya nuru yamerefushwa na kutanuka kwa ulimwengu, na nuru hiyo imesafiri karibu miaka bilioni 8.

Lakini mstari mmoja peke yake usiuamini hata kidogo! Hidrojeni hung'aa kwenye 656.3, na galaksi ya jirani yenye mhamo wa 0.136 tu itauweka mstari huo palepale. Kinachookoa ni upacha wa oksijeni, mradi chombo kiweze kuitenganisha ile miwili. Hewa yetu nayo hung'aa usiku, hasa kuelekea infraredi (nuru iliyopita nyekundu, isiyoonekana kwa macho), ndiyo maana nyuzi kadhaa hulengwa makusudi mahali patupu, mwanga wa anga upimwe na kuondolewa. Tena roboti jirani hazifikii galaksi zilizobanana kwa mpigo mmoja. Usiporudia eneo hilo, penye msongamano pataonekana pepesi.

Matokeo ya Machi 2025, yenye galaksi na kwaza (vitovu ang'avu mno vya galaksi za mbali) zaidi ya milioni 14, yakiunganishwa na mnururisho wa kale (nuru iliyobaki tangu ulimwengu mchanga) na supanova (nyota zinazolipuka), yanadokeza kwamba nishati ya giza inadhoofika. Uzito wa dokezo ni sigma 2.8 hadi 4.2 (sigma ikiwa kubwa, ni vigumu zaidi kuwa ni bahati tu), kutegemea umetumia orodha gani ya supanova. Desturi hudai 5 kabla ya kuuita ugunduzi. Kwangu mimi, tofauti hiyo kati ya orodha ndiyo ya kuchunguzwa kwanza.

Wako katika nyota.