Barua ya wazi kwa Meneja wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) Mkoa wa Mwanza: cheti cha kodi ya zuio

Ndugu Meneja,

Mimi ni fundi majokofu. Nakaa Igombe, na kazi zangu nyingi ni vyumba vya baridi vya samaki, kuanzia Kirumba hadi Nansio. Sijaajiriwa, nafanya kwa mkataba. Mwaka jana mteja mmoja alikubali kunilipa shilingi 1,000,000 kila mwezi.

Nyumbani tulipanga ada za watoto juu ya milioni hiyo. Mwezi wa kwanza zikaja 950,000, kwa kuwa 50,000 zilikatwa kodi ya zuio, yaani kodi ambayo mteja huikata kwenye malipo yangu na kuipeleka TRA, asilimia 5 ya malipo ya huduma. Sikulalamika. Niliamini kodi yangu imeishia hapo, na mafundi wengi ninaofanya nao kazi wanaamini hivyo mpaka leo.

Haiishii hapo. Kwa mwaka nilipata 12,000,000. Gesi, vipuri, nauli ya kivuko na mafuta ya pikipiki vilikula 3,000,000, na risiti zake ninazo. Faida ni 9,000,000. Katika hiyo, 3,240,000 za mwanzo hazitozwi kodi. 3,000,000 zinazofuata zinatozwa asilimia 8, yaani 240,000, na 2,760,000 zilizobaki asilimia 20, yaani 552,000. Jumla 792,000. Toa 600,000 zilizokwisha kukatwa, nadaiwa 192,000. Kwa hiyo, baada ya gharama na kodi yote, pesa yangu hasa ni 684,000 kwa mwezi. Na hapo sijagusa mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF; mwajiriwa anachangiwa na mwajiri wake, mimi uzee wangu nauwekea mwenyewe.

Ningeijua hesabu hii kabla ya kusaini, ningetaja bei nyingine.

Lakini kinachoniumiza zaidi ni karatasi moja. Sheria inamtaka aliyenikata anipe cheti cha kodi ya zuio, kinachoonyesha kiasi alichonikata. Nimekifuata kwa mhasibu wake mara nne, kila mara naambiwa njoo wiki ijayo. Bila cheti nitathibitishaje zile 600,000? Nitadaiwa 792,000 zote, wakati sehemu kubwa ilishatoka mfukoni mwangu mwezi baada ya mwezi. Kulipa kodi sikatai, Ndugu Meneja. Ninachokataa ni kuilipa mara mbili.

Naomba maofisa wako wanapokagua vitabu vya kampuni wasiishie kuuliza kama zuio limelipwa. Waulize pia: fundi amepewa cheti chake? Na pale ofisini awepo mtu ambaye fundi akifika na TIN yake, yaani namba ya mlipakodi, atamwangalizia kama pesa aliyokatwa imefika. Wengi wetu tunaogopa hata kuvuka mlango, tukidhani tutatoka na deni.

Tena, hesabu kama niliyoiandika hapa ibandikwe kwa Kiswahili Mwaloni, Nyakato na kwenye vivuko, mwezi wa Januari, kabla hatujapeleka makadirio ya kodi ya mwaka na kuanza kulipa zile awamu nne za Machi, Juni, Septemba na Desemba. Mtu anayekadiria kwa kubahatisha hujikuta Desemba hana pesa ya kulipia.

Mwisho wa kupeleka ritani yangu, yaani taarifa ya mapato na kodi ya mwaka jana, ni Juni 30. Nataka kuileta ikiwa na cheti.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi majokofu, Igombe