Siku ya malipo ya wazee isiishie kwenye foleni

Barua ya wazi kwa Waziri wa Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, Kampala

Mheshimiwa Waziri,

Malipo ya SAGE, mpango wa Serikali wa kuwapa wazee fedha, yanapofika, wazee wa miaka 80 na zaidi hukusanyika kuchukua shilingi zao 25,000 za kila mwezi, mara nyingi za miezi kadhaa kwa mpigo. Hakuna siku nyingine Serikali inapowaona wazee wengi hivyo ana kwa ana. Nayo hupita hivi: alama ya kidole, pesa, nyumbani.

Tunaomba siku hiyo itumike kuwatafuta waliojitenga. Wa kwanza ni yule ambaye hakuja. Kumruhusu mjukuu ampokelee mzee ni jambo jema, ila daftari likishaonyesha pesa zimechukuliwa, mzee mwenyewe hatafutwi tena. Karani aongeze safu moja: mzee alifika mwenyewe lini, na kinachomzuia ni nini. Asipoonekana awamu mbili mfululizo, mhudumu wa VHT, yaani timu ya afya ya kijiji, aende kwake ndani ya wiki moja.

Akifika, asimuulize mzee kama ana upweke. Mbele ya mkwe atajibu, "Niko salama tu." Aulize: jana ulizungumza na nani? Mara ya mwisho kwenda kanisani, msikitini au matangani ilikuwa lini? Mtu anaweza kuishi na wajukuu 7 na kutwa nzima asiambiwe lolote ila "chakula hiki hapa".

Kisha masikio. Asiyesikia huchoka kubahatisha maneno, akaacha baraza, na watu wakasema amezeeka akili. Mara nyingine ni nta tu imeziba sikio. Kituo cha afya kinaweza kuilainisha kwa matone kwa siku chache kisha kuisafisha. Njiti ya kiberiti huisukuma ndani zaidi. Ripoti ya tume ya jarida la Lancet ya mwaka 2024 iliorodhesha mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na kupungua kwa usikivu na kutengwa na watu yamo. Hatusemi kwamba kukaa na watu kunatibu demensia. Tena demensia yenyewe humfanya mtu ajitenge, kwa hiyo kipi kilitangulia si rahisi kujua.

Swali ambalo VHT wasilisahau ni hili: mabadiliko yameanza lini? Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji au dawa alizopewa. Kusahau kunakoongezeka kwa miezi ndiko kunakotia shaka ya demensia, na hapo pia apimwe presha, sukari, macho na huzuni ya muda mrefu. Habari ya kulogwa huchelewesha yote haya.

Kuhusu vikundi vya wazee kukutana, vingi hufa kwa sababu vilianza na soda na nauli. Fedha za mradi zikiisha, watu nao wanaisha. Wazee 8 hadi 12 wa kijiji kimoja wanatosha, siku ileile kila wiki, asubuhi, maana wenye demensia wengi huchanganyikiwa zaidi jioni. Kiti kiwe na egemeo, kivuli kiwepo, na choo kiwe karibu. Choo kinaonekana jambo dogo, lakini anayeogopa kujikojolea mbele za watu harudi tena, wala hatasema kwa nini. Wawepo wa kusuka mikeka na wa kucheza mweso, aina ya bao: mashimo 32, kete 64, na mabishano yasiyoisha. Ustadi wa mikono na nyimbo za zamani hudumu hata jina la mgeni linaposahaulika. Hotuba za wanasiasa zikae mbali.

Wengi wenye miaka 60 hadi 79 hawamo kwenye malipo haya, hivyo hawatapatikana kwa njia hii. Hao waorodheshwe na mabaraza ya wazee kwa msaada wa LC1, yaani baraza la kijiji.

Safu ile ya daftari haihitaji sheria mpya. Tunaomba iwemo katika awamu ijayo ya malipo.

Wenu katika kazi,
Wahudumu wa wazee